Pua ya kinyozi

Kazi yangu inanilazimu kusogeza uso karibu na shingo za wanaume kuliko hata wake zao wanavyosogea mchana. Fundi cherehani anapima bega, anarudi nyuma. Daktari ana kile chombo chake cha kusikilizia, anasimama mbali. Kinyozi hana ujanja: lazima ashike kichwa, akiinamishe, afute nywele zilizonasa nyuma ya sikio, na pale nyuma ya sikio ndipo wanaume wengi wanapojipulizia. Nina miaka 14 nyuma ya kiti, saluni yangu iko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Vichwa 8 kwa siku ya kawaida, mkesha wa sikukuu vinafika 30. Hesabu mwenyewe nimenusa shingo ngapi.

Wateja wamezoea mchezo wangu. Mtu akikaa tu namwambia, "Leo una kikao na wakubwa," au, "Leo huendi nyumbani moja kwa moja." Wanacheka, wengine wanageuka kunitazama kama nina jini. Sina jini. Mtu aliyejipulizia pafyumu Jumanne saa nne asubuhi ana jambo, hilo halihitaji mganga.

Ila haya ninayoyajua kuhusu wanaume na manukato hayakuanzia saluni. Yalianzia Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa hapa Kigoma, na yalianza kwa aibu.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku, tena usiku wa giza, maana wanafuata mwanga wa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi kuna taa za betri na sola. Mbalamwezi ikikolea, dagaa wanatawanyika, hawaijali taa yako, na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo nyumbani kwetu Ujiji mwezi uligawanyika mara mbili: siku baba ananuka na siku baba hanuki. Siku zile za mbalamwezi mama alitandika shuka safi. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikazielewa zile shuka.

Siku za giza baba alirudi asubuhi amebeba harufu tatu: dagaa, mafuta ya taa, na jasho lililokaukia mwilini. Mama alikuwa anamsubiri uani na ndimu mbili zimeshakatwa. Baba alikunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, akanyoosha mikono mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha, na mama akamsugua ndimu kuanzia vidoleni kupanda juu. Ndimu kwanza, sabuni ya mawese baadaye. Ukianza na sabuni, mama alisema, unamwogesha samaki tu. Miaka mingi baadaye nikaisoma sababu yake kwenye simu: ile harufu ya samaki inatokana na kitu kinachoitwa trimethilamini, ambacho tabia yake ni kama ya magadi. Kikikutana na asidi ya ndimu kinageuka chumvi isiyoruka hewani, kisha maji yanaiondoa. Mama hakusoma kemia. Alikuwa na mume mvuvi.

Babu mzaa baba, yeye alikuwa mtu wa haludi, yale mafuta ya udi. Kichupa chake kilikuwa kidogo kama kidole cha mwisho, kimeviringishwa kitambaa ndani ya kopo la majani ya chai. Ijumaa akishaoga, kijiti kinagusa kiganja mara moja, viganja vinasuguana, nyuma ya masikio, kisha kifuani juu ya kanzu. Basi. Kujitia manukato kwa ajili ya swala ya Ijumaa ni sunna, na babu aliichukulia sunna hiyo kama deni la duka. Harufu yake haikumtangulia mlangoni. Uliigundua akishaondoka, ukikaa kwenye kiti alichokuwa amekalia.

Siku moja babu alimwambia baba ajipake kidogo. Baba akacheka. "Mvuvi amnukie nani, mzee wangu? Samaki?"

Udi nao una kisa chake, nikitaje hapa kabla sijasahau. Unatoka kwenye miti ya jamii ya Aquilaria, huko India na Asia ya kusini mashariki, na mti ukiwa mzima mbao yake haina harufu ya kukusimamisha. Ni mti uliojeruhiwa, ukaingiwa na kuvu, ndio unaotoa utomvu mweusi wa kujitibu, na mbao iliyokolea utomvu huo ndiyo udi. Miti hiyo imekatwa sana hata mwaka 2004 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana jamii yote ya Aquilaria iwekewe masharti ya biashara. Ndiyo maana ukiuziwa kichupa cha shilingi elfu tano ukaambiwa ni haludi safi, umeuziwa maneno.

Turudi kwenye aibu. Nilikuwa na miaka 20 nilipompenda binti mmoja wa Gungu, baba yake mtumishi wa reli. Siku niliyoalikwa kwao, asubuhi nilikuwa Kibirizi nikigeuza dagaa kwenye vichanja. Nikaoga, lakini kwa haraka, tena bila ndimu, maana ndimu niliiona ni mambo ya baba. Njiani nikanunua sprei ya kopo, nikajibanza nyuma ya kibanda nikajimwagia nusu yake: kwapani, kifuani, kwenye suruali, hadi ndani ya viatu. Nikajiona mtu wa Dar.

Shangazi yake ndiye aliyefungua mlango. Akanitazama, akashusha pumzi, akatabasamu. "Karibu mwanangu. Hebu kaa hapo barazani, kuna upepo mzuri." Nikakaa barazani saa nzima nausifu upepo. Juisi ililetwa na mtoto aliyeiweka chini hatua mbili kabla hajanifikia, akakimbia. Wiki iliyofuata binti akanieleza shangazi alisema nini nilipoondoka: "Huyu mwenzio ananuka kama dagaa aliyekwenda harusini."

Gungu sikurudi tena.

Nusu ya fundisho niliipata siku ileile. Harufu mbili hazilali moja juu ya nyingine kama shuka juu ya godoro. Zinaruka hewani pamoja na pua inazipokea pamoja, mchanganyiko ukiwa mbaya kuliko kila moja peke yake. Nusu ya pili ilichukua miaka. Kilichonitia aibu siku ile, ukichunguza vizuri, alikuwa baba. Dagaa walisingiziwa.

Nikaingia kwenye unyozi kwa sababu ni kazi isiyonuka samaki. Nasema ukweli, sikuwa na sababu nyingine. Nilifagia nywele miezi mitatu kwa fundi mmoja hapa Mwanga kabla hajaniruhusu kushika mashine. Saluni ina harufu yake: spiriti, poda, mafuta ya mashine, na wembe ukipita shingoni ngozi inatoa harufu kama ya chuma. Humo ndimo nilipoanza kusikiliza wanaume kwa pua.

Wa kwanza kunifundisha alikuwa mzee mmoja mstaafu wa serikali. Kila wiki mbili anakuja na mfuko wa karatasi, ndani yake chupa ya kijani ya Brut, na nikishamchonga ndevu anataka nimpake hiyo badala ya spiriti. Anaitumia tangu mshahara wa kwanza. Nilipokuja kusoma kuhusu manukato nikakuta Brut ilitoka mwaka 1964, na ukoo wake unaitwa fougère, neno la Kifaransa la kangaga, ingawa kangaga lenyewe halina harufu ya kutaja. Jina lilitokana na manukato ya nyumba ya Houbigant ya Paris, mwaka 1882, Fougère Royale, yaliyotiwa kumarini ya maabara, kitu chenye harufu ya majani makavu yaliyolala juani. Lavenda juu, kumarini chini, na kitu cha mwituni katikati. Vinyozi wa Ulaya walitumia sana vitu vya ukoo huo hata mpaka leo wazungu wakiisikia wanasema inanukia kinyozi. Nilicheka peke yangu. Kumbe mzee alikuwa ananiletea harufu ya kazi yangu mwenyewe.

Wanawe wa Dar wakamletea Sauvage ya Dior, ile iliyotoka mwaka 2015, chupa nyeusi inayogeuka samawati. Akaitumia siku moja, ya pili akaja nayo saluni. "Chukua wewe. Hii sijui ni ya nani. Nikiipaka, mke wangu ananiuliza natoka wapi."

Nikaichukua, nikaivaa kazini. Siku ya tatu mteja akakaa, akanusa, akauliza kwa wasiwasi kama nimepandisha bei. Nikadhani utani. Jioni yake mwingine akaniuliza vilevile. Ile pafyumu ilikuwa nzuri, sina ubaya nayo, ila ilikuwa inazungumza na wateja wangu kabla yangu, na ilikuwa inawaambia uongo. Nikaihamishia Jumapili.

Wa pili kunifundisha alikuwa mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Ukitaka kumwona mwanamume anayejua kuvaa, mngoje Mkongo akishuka kwenye boti bandarini. Huyu alikuwa anapaka mafuta mwilini kwanza, kisha manukato juu ya ngozi yenye mafuta, kwa sababu ngozi kavu haishiki harufu. Akanionyesha pia namna ya kununua. "Harufu ya dakika ya kwanza ni ya muuzaji," alisema. "Ya saa ya pili ndiyo utakayolala nayo." Ni kweli kabisa kikemia. Vitu vya ndimu, chungwa na mnanaa ni vyepesi, vinaruka mara moja. Maua na viungo kama karafuu na iliki vinafuata. Mbao, vanila, ambari na miski vinabaki mwisho. Miski yenyewe zamani ilitoka kwenye tezi ya paa wa milima ya Asia, siku hizi karibu yote ni ya maabara, paa wapumue. Na kwa joto letu hili la kando ya ziwa kila hatua inakwenda mbio zaidi. Pafyumu inayodumu siku nzima kwa mtu wa Ulaya, hapa saa nane mchana imeshakuaga.

Kwa maneno yake nikajikuta nimeingia kwenye biashara. Nikatenga kona ya saluni, nikaagiza mafuta Kariakoo, yakaja kwa treni hadi huku mwisho wa reli, nikaanza kuuza manukato ya kupima. Unakuja na kichupa chako au unanunua changu, nakujazia kwa bomba la sindano, mililita 5, 10, mfuko wako unavyosema. Yale maneno ya Kifaransa kwenye chupa za dukani, watu huyaona kama majina ya ukoo wa kifalme. Ni vipimo tu. Eau de cologne ina mafuta ya manukato kama asilimia 2 hadi 5, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20, na parfum yenyewe inazidi hapo. Kilichobaki zaidi ni alkoholi. Mafuta ya kupima hayana alkoholi, ndiyo maana masheikh wengi wanayapenda, na ndiyo maana yanakaa karibu na mwili, hayaruki kwenda kwa jirani.

Hapo nikafanya kosa la msomi wa mtandaoni. Nilikuta chati: mtu mpole avae maua, mchangamfu avae ndimu, jasiri avae mbao na ngozi, mwenye mapenzi avae vanila. Nikaiandika kwa mkono, nikaibandika karibu na kioo. Akaja kijana karani, mpole kupita kiasi, mtu wa kusema "samahani" hata akikanyagwa yeye. Chati ikasema maua meupe. Nikampimia. Baada ya siku nne akarudi, kwa samahani nyingi, akiomba kubadilisha. Nikamwambia chagua mwenyewe. Akanusa vichupa vyote kimya kimya, akaishia kwenye kile kizito kuliko vyote, cha ngozi, moshi na udi, ambacho mimi nilikiweka kwa ajili ya wenye magari.

"Hiki?" nikamuuliza.

"Kaka, mimi kutwa nzima nasema ndiyo bosi," akajibu. "Jioni nataka na mimi ninukie mtu wa kuambiwa ndiyo."

Alivyotoka nikaibandua chati, nikafungia ndani yake kiwembe kilichoisha makali. Kumbe kwa wanaume wengi chupa inaonyesha pengo, kile anachokosa mchana. Wengine inaonyesha kinyume chake, kile wasichotaka kukiachia, kama mzee wa Brut. Kutoka nje huwezi kujua ipi ni ipi. Watafiti wa Jamhuri ya Czech waliwahi kujaribu jambo la karibu na hili, wakachapisha mwaka 2012: harufu ya mwili iliyochanganyika na manukato aliyojichagulia mtu ilipendeza kwa wanusaji kuliko ikichanganywa na manukato aliyopangiwa, ingawa manukato yenyewe yakinuswa peke yake hayakupishana. Yaani pua ya mtu inajua kitu kuhusu ngozi yake ambacho mimi na chati yangu hatukijui. Tangu hapo sichagulii mtu. Naweka vichupa, natoa viwili visivyomfaa mfukoni, nanyamaza.

Ila kwenye kiasi sinyamazi. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anajipulizia mpaka kofia ngumu ya abiria ikawa inanukia yeye. Mama mmoja akaivaa kutoka Gungu hadi sokoni, akafika nyumbani nywele zinanukia mwanamume, ikawa kesi. Yule kijana hakuwa mjinga wala malaya kama mume wa mama alivyodai. Tatizo lilikuwa pua yake. Pua inaizoea harufu inayokaa nayo, dakika chache tu inaacha kukupa taarifa, na mwenye pua anadhani imeisha, anaongeza. Nikamwambia mipulizo miwili, ufunge chupa, uiache nyumbani. Akasema, "Nisipoisikia najiona sijavaa kitu." Nikamwelewa. Mwaka 2009 Waingereza walifanya majaribio, wanaume wengine wakapewa dawa ya kwapa yenye manukato na wengine isiyo nayo, kisha wanawake wakaonyeshwa video zao bila sauti. Wenye manukato walionekana wanavutia zaidi, na kwenye video hakuna harufu! Kilichobadilika ni namna walivyojiweka. Kwa hiyo kijana alikuwa na haki yake, ile pafyumu ilikuwa inamnyoosha mgongo. Tukakubaliana mipulizo miwili asubuhi, na kofia ya abiria afue.

Kuna mambo ambayo hata ukijua kemia yote hutayaona mpaka ukae na watu wako. Nilipata mchanganyiko wa lavenda na rosmari, safi sana, nikajua utauzika. Mzee mmoja wa Ujiji, mtu anayeheshimika, akanusa, akarudisha kichupa mezani taratibu. "Kijana, hii ni karafuu maiti." Akaondoka bila hata kumalizia kunyolewa upande mmoja, karibu nimfuate na taulo. Alikuwa sahihi. Lavenda na rosmari vina kafuri ndani yake, na kafuri ndiyo hiyo karafuu maiti tunayotia kwenye maji ya kuoshea wafu. Huko Ulaya harufu ile inasema usafi wa asubuhi. Kwetu sisi mtu akiisikia, anaona jeneza uani na viti vya kuazima. Yule mzee alikuwa ameosha wangapi, sijui. Nikaimwaga yote.

Lakini aliyenifungua zaidi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye hajawahi kununua kwangu hata tone. Ananukia sabuni ya kipande, basi, na nguo zilizokauka juani. Siku moja, wembe ukiwa kooni mwake, akaniuliza tofauti ya kunuka na kunukia. Nikasema moja mbaya, nyingine nzuri. "Hilo kila mtu anajua," akasema bila kutikisa kidevu. "Tazama ile 'i'. Pika, pikia. Andika, andikia. Unanuka peke yako, hata ukiwa porini. Lakini ukinukia, pana mtu unamnukia."

Sijui kama wanasarufi wote watamkubalia. Mimi nilimkubalia nikiwa bado na wembe mkononi. Siku hizi mteja mpya akifika kwenye kona yangu simuulizi anapenda nini. Namuuliza, "Unataka umnukie nani?" Wengine wanajibu haraka, mke wangu, wateja, bosi, yule dada wa duka la dawa. Wengine wanakaa kimya muda mrefu mpaka nawakaribisha maji.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Baba alikuwa ameshapita miaka 70 na bado anaingia ziwani. Miezi mitatu akakaa nchi kavu. Mwezi wa kwanza alikuwa anaamka usiku, anatoka uani, anatazama kama kuna mbalamwezi. Kufika wa tatu hakuwa na harufu yoyote. Nilikwenda kuwasalimia, nikamwinamia kumshika mkono, nikajikuta namnusa kama mteja, sikupata kitu. Ziwa lilipofunguliwa wenzake wakamfuata. Akawaambia mgongo. Mgongo wake ulikuwa mzima.

Ndimu uani ziliendelea kuzaa. Nilimwona mama anaziokota na kuzipanga dirishani, zinakauka hapohapo.

Kabla ya harusi ya dada yangu mdogo, baba alikuja saluni. Kwa miaka yote ile alikuwa ananyolewa nyumbani na jirani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti changu. Nikamfunga shuka, nikamnyoa taratibu kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu, na alipomaliza kujitazama kwenye kioo akaelekeza kidole kwenye kona. "Na hivyo vichupa? Nipake na mimi. Leo natoa binti."

Mimi ninayemtambua mtu kabla hajakaa, sikujua nimpe nini. Nikavipanga vyote mbele yake. Akaanza kunusa kimoja kimoja, macho amefumba. Kwenye haludi akatulia muda mrefu. "Hii ya baba," akasema, akairudisha kwa mikono miwili. "Mimi siwezi kukaa humu." Cha ngozi na moshi akakirudisha haraka. Cha vanila kikamchekesha.

Kisha akafika kwenye kichupa cha mwisho, ambacho hakiniletei faida, ndimu na majani ya mchungwa. Nikaanza kumweleza kwamba hiyo ndiyo aina ya zamani sana, kwamba kuna Mtaliano aliyeitwa Farina, alihamia mji wa Cologne kule Ujerumani, mwaka 1709 akaanza kuuza maji ya namna hii...

"Ngoja kwanza," akasema. Akanusa tena. Akanusa mara ya tatu.

"Hii mama yako ataijua."

Nikamwambia, "Baba, hiyo haidumu. Kwa joto hili, saa moja imekwisha. Chukua yenye mbao kidogo chini yake, ikufikishe usiku."

"Tangu lini ndimu ikadumu?" akasema. "Ndiyo maana alikuwa ananipaka kila siku."

Nikafungua kichupa, nikatia matone kwenye kiganja, nikamsogelea nimpake nyuma ya masikio kama ninavyowapaka wote. Akakwepesha kichwa. Akakunja mikono ya kanzu hadi kwenye viwiko, akaninyooshea mikono yote miwili.